Risiti Kumi na Moja

Jumanne, 3 Julai 1956

Kreti kumi na mbili za bia leo. Chupa mbili zimevunjika njiani, kama kawaida, na kama kawaida dereva analaumu barabara ya Njoro. Barabara ya Njoro haijawahi kunuka bia mdomoni. Nimemsamehe. Nami nimeendesha lori la jeshi kule Burma, najua kiu ya usukani.

Baridi. Ukungu wa Mau umeshuka mpaka kizingitini. Mke wangu Rasoa amejifunga leso mbili juu ya sweta na bado ananilaumu mimi, kana kwamba Elburgon niliiumba.

Kisha karatasi ya bei kutoka depo ya Nakuru. Nimeisoma mara tatu. Bei imepanda. Nikamuuliza dereva. "Ushuru, Koplo," basi, akawasha gari. Ushuru. Neno hilo nimekutana nalo Mombasa, Colombo, Rangoon, kila bandari niliyokanyaga, na sikumpata mtu wa kunieleza linakwenda wapi.

Kesho nabadilisha bei ubaoni. Watu wa kinu cha mbao watapiga kelele. Wapige. Mimi nimepigiwa mizinga na Wajapani.

Alhamisi, 5 Julai

Kelele za kinu cha mbao ni mbaya kuliko mizinga.

Odhiambo, fundi wa injini ya kinu, ndiye jemadari wa mdomo. Alisimama mbele ya ubao wa bei, akavua kofia kama mtu aliyefika matangani. "Poleni, jamani. Bia imetuacha." Halafu akanigeukia. "Koplo, ni kofia nyingine unataka kununua, ama ni bibi wa pili?" Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Rasoa alikuwa nyuma ya pazia. Akacheka pia. Hicho ndicho kiliniuma.

Nikasema ni ushuru. Wakauliza ushuru ni nini. Nikasema ni kitu cha serikali. Wakauliza kitu cha serikali kimeingiaje ndani ya chupa na kifuniko kimefungwa. Nikakosa jibu. Mimi, Laban Shitanda, koplo wa vita, darasa la nne, lugha sita, nikakosa jibu mbele ya watu wenye vumbi la mbao masikioni.

Wanadhani nawaibia. Mji mdogo ukikudhania mwizi, afadhali uuze mlango na bawaba zake urudi kwenu.

Ijumaa, 6 Julai

Nakuru na kurudi, kwa lori la mbao, nimekaa juu ya magogo kama maharaja. Nilikwenda kwa Bwana Kartar, Singasinga mwenye depo ya bia. Mtu wa ndevu nyeupe na maneno machache. Alinipa chai. Nikamwekea karatasi ya bei mezani, nikamwambia watu wangu wanataka kunichinja.

Akachukua chupa na chaki. Akaizungushia mistari kama anavyopimwa mgonjwa. Hapa chini, shayiri na maji na kazi ya watu. Hapa kati, ushuru. Kiwanda hakitoi chupa langoni kabla ya kuulipa. Kiwanda kinaniongezea mimi, mimi nakuongezea wewe, wewe unamwongezea mnywaji. Halafu akachora mstari mwembamba shingoni. Huu ni wa kwenu, alisema: leseni unayolipia ofisini kila mwaka ndipo uruhusiwe kuuza. Usijifanye, Koplo, nao umeutia kwenye bei.

Ni kweli nimeutia. Nikaangalia dari.

Nikamuuliza, basi kati yetu sisi sote, anayelipa hasa ni nani?

Akagonga koo la chupa kwa kucha. "Anayemeza. Anayemeza ndiye analipa. Sisi wengine tunapitisha tu."

Nimelirudia neno hilo njia yote mpaka Elburgon. Ni neno tamu. Kesho watanijua.

Jumamosi, 7 Julai

Walinijua!

Nilipanda juu ya kreti. Nilivaa medali. Chupa mkononi na chaki, mistari kama ya Bwana Kartar, ila mimi niliichora minene zaidi. Niliwaambia kila funda wanalomeza linakwenda kujenga daraja. Niliwaambia mlevi wa Elburgon ni mlipa kodi mkubwa kuliko mchungaji. Walipiga meza. Hata wale wazee wa kona waliinua bilauri.

Odhiambo hakubali kushindwa. "Koplo, ngoja. Kodi ya kichwa nikilipa napewa risiti. Hii kodi ya koo, risiti yangu iko wapi?"

Nyumba nzima ikalipuka. Risiti! Risiti! Maana hapa mtu mzima haendi hata chooni bila risiti ya kodi mfukoni. Askari akikusimamisha njiani hakuulizi jina, anauliza karatasi. Usipokuwa nayo unalala ndani.

Na mimi mhuri ninao. Nilitengenezewa Nakuru mwaka juzi, wa mpira, mpini wa mti. Umeandikwa IMELIPWA, na juu yake simba. Simba nilimtaka mwenyewe. Fundi aliniambia duka la chumvi halihitaji simba. Nikamwambia hunijui.

Basi nikakata karatasi ya daftari, nikaandika, "Chupa moja. Ushuru umelipwa." Nikapiga mhuri. Pa! Odhiambo akaibusu, akaitia kwenye utepe wa kofia. Baada yake wakapanga mstari.

Bia imekwisha yote. Mwizi nani sasa?

Jumatano, 11 Julai

Wanakuja kwa ajili ya karatasi kuliko bia. Wengine wanaibandika ukutani nyumbani. Mmoja ameitumia kuwashia kiko. Mimi najisikia kama Hazina ya Serikali.

Rasoa hapendi. "Baba Tabitha, karatasi yenye mhuri si kitu cha kuchezea. Siku hizi za Hali ya Hatari, karatasi ni roho ya mtu."

Nikamwambia ni utani, na utani hauna kosa mahakamani.

"Utani wako unajulikana na wanaokujua," akasema, akarudi kwa ugali wake.

Mwanamke hodari. Lakini Burma hajafika.

Jumamosi, 14 Julai

Ajabu ya leo: Kiptoo ameingia kwangu.

Kiptoo ni mpasuaji wa magogo kule kinu. Watu wake ni wa msitu wa Mau, wenye mizinga ya nyuki. Msumeno ulimla vidole viwili, na siku ya tatu alirudi kazini. Haongei. Hajui kusoma hata namba ya nyumba. Miaka yote hii hajawahi kugusa bia ya chupa, anasema inanuka sabuni. Yeye ni pombe ya asali tu, tena siku za sherehe, baada ya kwenda kununua kibali cha kuipika. Mtu wa sheria kabisa.

Shingoni bado anavaa kile kikopo cha bati cha kipande, ile pasi ya kazi, ambacho sisi wengine tulikitupa kitambo sheria ilipobadilika. Risiti zake zote za kodi zimo humo, tangu ujana, zimekunjwa kama dawa.

Alinunua mbili. Alikunywa amekunja uso kama mtoto anayepewa kwinini. Akasubiri karatasi zake. Akazikunja ndogo kabisa, akazitia kikoponi, akafunga.

Nimemgeuza mtu wa asali kuwa mtu wa bia. Kama kuna medali ya kazi hiyo, ije.

Jumatano, 18 Julai

Kiptoo tena. Mbili. Jirani yake kwenye benchi alimwomba funda moja. Kiptoo akavuta chupa kifuani. "Nikikupa, utalipa wewe," alisema. Watu wakacheka wakidhani ni uchoyo. Nami nilicheka.

Alipotoka nilimwona mlangoni ameinama, anatapika. Alipangusa mdomo, akashika kikopo kuona kama bado kipo.

Kuna kitu hapo. Sikijui. Nimechoka.

Jumamosi, 21 Julai

Nyumba imejaa leo, siku ya mshahara. Kiptoo alikunywa nne, zote peke yake. Amekonda. Mtu wa kinu ameniambia aliuza asali yake ya mwaka mzima kwa Mhindi wa dukani apate pesa za chupa.

Kabla ya kwenda alikuja mezani kwangu. Akauliza mbele ya watu, "Koplo, zikifika ngapi zinatosha za mwaka?"

Nikajibu kwa haraka, kama kawaida yangu, mdomo ukiwa mbele ya akili. "Dazeni moja, mzee! Dazeni moja, na Malkia mwenyewe atakuandikia barua!"

Kicheko kikatikisa mabati. Kiptoo hakucheka. Alihesabu kwa vile vidole vilivyobaki, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyekubaliana na bei. "Hii ya kidogo kidogo ni nzuri," alisema. "Ile ya mara moja inavunja mgongo."

Akaenda zake.

Sijisikii vizuri. Labda ni nyama.

Jumapili, 22 Julai

Si nyama.

Nilielewa kanisani, katikati ya wimbo, mdomo wazi. Kiptoo anadhani zile karatasi ndizo kodi ya kichwa. Anailipa kwangu, chupa kwa chupa. Ndiyo maana hagawi funda. Nilisema anayemeza ndiye analipa, na yeye ndiye mtu pekee katika Elburgon nzima aliyenisikiliza sawasawa.

Na pesa za kodi amekwisha kuzimeza.

Kesho namwambia. Kesho asubuhi, kabla kinu hakijapiga honi.

Jumatatu, 23 Julai

Sikumwambia.

Asubuhi mvua. Nilifika mpaka lango la kinu, nikamwona kwa mbali na gogo begani, nikarudi. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni alikuja na Odhiambo na wengine kumi. Ningesema nini? Watu wangu, karatasi zangu ni takataka? Ule mhuri ni wa kuchezea, na mimi juu ya kreti nilikuwa nacheza? Nilifungua mdomo. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ngapi leo, mzee?"

Alinunua tatu. Sasa anazo kumi na moja. Nilimwandikia zote tatu, nikapiga mhuri zote tatu. Mkono haukutetemeka. Naandika hivyo hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba ulitetemeka.

Mimi ni mwoga. Wajapani hawakuligundua. Kiptoo ameligundua bila kujua.

Jumanne, 24 Julai

Msako wa kodi umeingia kinu saa nne asubuhi. Askari sita na karani wa kodi mwenye meza ya kukunja. Sikuwepo. Odhiambo ndiye alikuja kunieleza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni.

Walipangwa mstari. Zamu ya Kiptoo ilipofika, hakutetemeka kama wengine. Alifungua kikopo. Alizitandaza karatasi moja moja juu ya gogo, akizinyoosha kwa kidole gumba, zote kumi na moja. Akamwambia karani, "Imebaki moja. Nipe mpaka Jumamosi."

Karani alicheka. Akaita askari waje nao wacheke. Halafu akauangalia mhuri kwa karibu, simba na lile neno, akaacha kucheka. Akauliza nani anatengeneza hizi. Kiptoo akasema, "Nimelipa." Wakamuuliza tena. "Nimelipa." Wakamtia pingu. Yule ambaye hajawahi kuvuka barabara bila kutazama sheria iko upande gani.

Karani akawauliza na wengine. Watu arobaini wameshika risiti zangu, wamezibusu, wamezibandika. Hakuna aliyejua kitu. Elburgon yote imekuwa bubu. Ni kwa ajili yangu.

"Tumekufunika, Koplo," alisema Odhiambo. "Lakini yeye nani amfunike?"

Nimetia mhuri jikoni kwenye moto. Mpira ulinuka nyumba nzima. Rasoa akaja mbio, akautoa kwa koleo, akaumwagia maji. Simba ameungua kichwa na mguu mmoja. Akauweka juu ya meza mbele yangu. Akafungua dirisha moshi utoke.

Jumatano, 25 Julai

Sijafungua.

Kiptoo amepelekwa Nakuru. Wanasema ana makosa mawili: kutolipa kodi, na kukutwa na karatasi za uongo za serikali. La kwanza ni siku chache kazi ya kufyeka. La pili hakuna anayejua. Wengine wanasema miaka. Wengine wanasema siku hizi mtu mwenye karatasi zisizoeleweka anaulizwa mambo mengine kabisa, ya wapiganaji wa msituni, na Kiptoo anakaa msituni. Kila gari likipita nasikia limesimama kwangu.

Nimepiga hesabu zangu zote. Nikinyamaza, karatasi hazina jina langu. Nikisema, leseni imekwenda, na huenda nami nimekwenda. Tabitha yuko shuleni. Duka hili nililijenga kwa pesa za jeshi, msumari kwa msumari.

Saa nane mchana mlango ulibishwa. Nikajua ni wao. Nilivaa koti kabisa.

Alikuwa mke wa Kiptoo, Mama Chebet. Ametembea kutoka msituni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Amebeba kibuyu kidogo cha asali, ile waliyobakiza ya watoto. Akakiweka mezani, karibu na mhuri ulioungua. Hakuujua ni nini.

Kiswahili chake ni kidogo. "Wewe najua karatasi," aliniambia. "Wewe napigana vita ya Malkia. Enda ambia wao. Kiptoo nalipa. Mimi naona. Kila siku nakunywa ile dawa mbaya, nalipa."

Alikuwa ananishukuru mapema.

Rasoa alimpa chai na kumkausha miguu. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba, nikashika ukuta.

Alhamisi, 26 Julai. Nakuru

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya wilaya. Nilipanda treni ya asubuhi. Rasoa alinipigia pasi shati. Alisema, "Nenda ukarudi. Ukichelewa kurudi, mimi nitauza chumvi." Halafu akanishika kola kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hajafanya tangu niliporudi vitani.

Medali nimezivaa asubuhi. Hapa kwenye benchi nimezivua. Ziko mfuko wa kushoto. Mhuri uko wa kulia, ndani ya leso.

Watu saba mbele yangu. Sita.

Nataka kukojoa na nataka kukimbia, na siwezi kupambanua kipi ni kipi.

Wanne.

Ijumaa, 27 Julai

Nimelala ndani usiku mmoja. Sakafu ya simiti, blanketi lenye historia. Sasa niko nje, kwa Bwana Kartar. Amenipa meza na chai na hajauliza kitu.

Nitaandika ilivyokuwa.

Bwana ofisa ni kijana, pua nyekundu kwa mafua. Kando yake yule karani wa kodi. Nilitoa leso, nikafungua, nikaweka mhuri mezani. Nikasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu kwenye treni, yenye Burma ndani. Yote ilipotea.

Akaniambia nipige mhuri kwenye karatasi nyeupe. Nikapiga. Akatokea simba bila kichwa. Akachukua risiti moja ya Kiptoo, akazilinganisha, simba mzima na simba kipande. Akaniuliza kwa nini nilifanya. Kuna majibu mengi mazuri ya swali hilo. Nikasema, "Kujionyesha, bwana. Watu walinicheka, nikataka wanione mkubwa. Huyu mzee aliniamini, na nilipojua ananiamini sikumwambia."

Ndipo wakanilaza ndani, ili waulize Elburgon kama nasema kweli.

Leo asubuhi walituleta sote wawili. Kiptoo aliponiona na mimi nina walinzi, akadhani nimekamatwa kwa sababu yake. Akaanza kunitetea. Akawaambia, "Huyu hana makosa, alinipa risiti zote." Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikamweleza. Mbele yao. Kwamba bia ina ushuru wake, umelipwa kiwandani, umo ndani ya bei, na haufuti kodi ya kichwa. Kwamba karatasi zangu ni mchezo. Kwamba nilijua Jumapili, na Jumatatu nikamuuzia tatu.

Akautazama ule mhuri. Halafu akamuuliza karani, si mimi. "Ile ya ndani ya chupa, nimelipa?"

Karani akasema, ndiyo, umelipa.

"Na hii ya kichwa, bado?"

Bado.

"Basi nimelipa moja kwa kutapika, na nyingine bado, na nimelala ndani siku tatu."

Karani akatazama dirishani. Ofisa akapenga kamasi.

Uamuzi: kosa la karatasi limehamia kwangu. Faini, nzito, lakini si jela, kwa sababu nilikuja kwa miguu yangu na kwa sababu hakuna senti ya serikali niliyochukua. Leseni ya bia imekwisha. Si ya mwaka huu tu. Mhuri wameuchukua. Kodi ya Kiptoo nimeilipa hapo hapo, mwenyewe, na karani akamwandikia risiti ya kweli. Kiptoo akaishika kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto. Hakuitia kikoponi. Aliibeba mkononi njia yote.

Bwana Kartar amenikopesha pesa za kumalizia faini. Alisema tu, "Mimi nilisema anayemeza. Sikusema apewe karatasi."

Jumamosi, 28 Julai

Treni mpaka Elburgon, mimi na Kiptoo, benchi moja. Kule Njoro nilimpa nusu ya mkate wangu. Aliuchukua. Hakuula.

Stesheni ilijaa watu. Mama Chebet alisimama mbali na watoto wake. Kiptoo alimfikia, akamwonyesha ile risiti. Wakaondoka kwa njia ya msituni. Yeye mbele. Hakugeuka.

Jioni watu wa kinu walikuja kwa mazoea. Nilipanda kreti ile ile, bila medali, nikawaambia yote. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote za maisha yangu. Nikawagawia bure chupa zilizobaki, maana siruhusiwi kuziuza tena. Walikunywa kimya. Ilikuwa kama matanga kweli.

Odhiambo aliitoa risiti kwenye utepe wa kofia. Nikangoja anichane. Akaichana ile karatasi. "Koplo," alisema, "wewe ni mjinga mkubwa. Lakini ulipanda treni." Akavaa kofia yake akaenda.

Jumamosi, 4 Agosti

Chumvi, sukari, mafuta ya taa, tumbako. Jumamosi yenye kimya kama Jumatatu. Nimefuta ubao wa bei. Chini ya chaki ya bia kulikuwa na chaki ya zamani ya bei ya viberiti. Sikukumbuka kama tuliwahi kuwa maskini hivyo. Sasa tena.

Kiptoo amepita mara mbili njiani na magogo. Hakutazama huku. Namwogopa kuliko nilivyomwogopa ofisa. Ofisa alinitoza, akamaliza.

Rasoa ameanza kuoka maandazi, anawauzia wa kinu saa nne. Yanakwisha. Amesema maandazi hayana ushuru. Nilitaka kumwambia unga una bei ndani yake na mafuta yana bei ndani yake na huwezi kujua. Nikanyamaza. Najifunza.

Jumapili, 19 Agosti

Mvua imekatika mchana. Jua dogo. Nilikuwa naziba bati linalovuja, nikasikia mtu amesimama chini ya ngazi. Hakuita. Nilipotazama alikuwa Kiptoo, na kikopo chake shingoni.

Nilishuka. Akafungua kikopo, akanipa karatasi.

"Soma."

Ilikuwa kibali. Anaozesha binti, Chebet, na amekwenda mwenyewe kulipia ada ya kupika pombe ya asali. Nikaisoma yote, polepole, neno kwa neno: jina lake, siku, madumu mangapi, ada ilivyolipwa, sahihi ya karani.

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alikuwa anatazama mdomo wangu, si karatasi. Nilipomaliza aliichukua, akauangalia mhuri kwa muda mrefu, akaigeuza karatasi kwenye mwanga.

"Haina simba," alisema.

"Ndiyo sababu ni ya kweli, mzee."

Uso ulimbadilika kidogo upande mmoja. Labda ilikuwa kicheko. Akaikunja ndogo kabisa, akaitia kikoponi. Kisha akatoa kibuyu cha pombe ya asali ndani ya koti, akamimina kwenye kikombe cha Rasoa cha bati, akaonja kwanza yeye, kama ilivyo kwao, akanipa.

Tulikaa kizingitini. Pombe ilikuwa kali, na chini ya ukali ilikuwa tamu.

Nilimeza polepole.